KARAKARA KATIKA PIPA: SOMO KWA ASIYE NA SHAMBA

Waama, wahenga hawakukosea waliponena kwamba penye nia pana njia. Kamati ya jarida ilipoomba kila kidato kilete makala ya mafunzo, wengine waliandika kuhusu ngeli na wengine kuhusu methali. Mimi wa kidato cha tatu nimeonelea nilete mmea mmoja tu, karakara, na chombo kimoja tu, pipa. Nitaeleza jinsi ya kuukuza mmea huu unaoparamia hata kama kwenu hakuna shamba. Nitaeleza pia kwa nini jambo hili si mchezo wa watoto.

1. KWA NINI PIPA?

Siku moja katika kipindi cha Kilimo mwenzetu aliuliza kwa sauti, "Sasa mtu hana shamba, anasomea kilimo ya nini?" Darasa zima likaangua kicheko. Lakini mimi naona lile lilikuwa swali la haki. Hapa kwetu Meru na Embu, mashamba ya mteremko wa Mlima Kenya yamegawanywa na kugawanywa tena. Babu alikuwa na shamba, baba akapata kipande, na sisi tutapata mahali pa nyumba na zizi la ng'ombe mmoja. Nao walio mjini wanaishi katika ploti: vyumba vimepangwa mstari mmoja, uwanja ni mmoja na mfereji ni mmoja. Shule yetu ni ya kutwa, kwa hivyo wengi wetu twatoka katika ploti kama hizo kila asubuhi na kurudi humo jioni. Mimi ni mmoja wao.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Nyanya yangu anaishi upande wa Runyenjes. Alikuwa na mistari ya karakara, na matunda yale ndiyo yaliyokuwa yakilipa karo ya mama mdogo. Msimu mmoja majani yalianza kuwa ya manjano, kisha mmea wa kwanza ukanyauka matunda yakiwa bado yananing'inia. Ukafuata wa pili, na wa tatu, hadi mstari mzima ukawa kuni. Nyanya alifikiri ni kiu akaongeza maji, wala hayakusaidia kitu. Afisa wa kilimo alipochanja shina kwa kisu karibu na ardhi, ndani palikuwa na rangi ya kahawia. Akasema huo ni mnyauko, ugonjwa uletwao na kuvu aitwaye fuzariamu. Kuvu huyo hukaa udongoni miaka mingi akingoja mizizi ya karakara. Hata ukipanda miche mipya palepale, atairudia.

Ndipo nikaelewa faida ya chombo. Shamba likiugua huwezi kulibeba ukalitupa. Lakini udongo wa pipa wauchagua wewe mwenyewe, wausafisha, na ukiharibika waubadilisha. Kwa hivyo pipa si la watu wa ploti peke yao. Ni la kila mtu ambaye udongo wa kwao umeshikwa na mnyauko.

2. JINA NA ASILI

Katika vitabu tunasoma karakara. Sokoni Gakoromone tunaambiwa pasheni. Yote mawili ni tunda moja. Wengi hudhani neno pasheni lahusu mapenzi, na wavulana wa darasa letu wamelifanyia mzaha wa kutosha. La hasha! Asili yake ni mateso ya Yesu Kristo. Mmea huu ulitoka Amerika ya Kusini, katika nchi za Brazili, Paragwai na Ajentina. Mapadre Wahispania waliofika huko karne nyingi zilizopita walilitazama ua lake wakaliona kama mahubiri. Nyuzi nyembamba zilizozunguka katikati waliziita taji la miiba. Sehemu tano zinazobeba chavua wakazilinganisha na majeraha matano, na vichwa vitatu vilivyo juu kabisa wakavilinganisha na misumari mitatu. Nayo majani kumi ya ua wakasema ni mitume kumi, wakiwaacha nje Petro aliyemkana Bwana na Yuda aliyemsaliti. Ukiona ua la karakara, hesabu uone mwenyewe.

Ziko aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya zambarau. Tunda lake hutoshana na yai la kuku, ni tamu na lina harufu nzuri. Hupenda nyanda za juu zenye ubaridi kiasi, tuseme kati ya mita 1,200 na 2,000 juu ya usawa wa bahari, na miji ya Embu na Meru imo humo. Ya pili ni ya manjano. Tunda lake ni kubwa zaidi lakini lina uchachu, nayo hupenda joto, kwa hivyo inafaa sehemu za chini kama Mbeere na Tharaka. Watafiti wa shirika la KALRO wametoa pia aina za manjano zilizoboreshwa, kama vile KPF 4, KPF 11 na KPF 12.

3. JINSI MMEA UNAVYOPARAMIA

Hapa wanachama wa Kiswahili tusikilizane, maana maneno ni silaha yetu. Mmea wa kiazi kitamu hutambaa: huenda chini kama nyoka wala hauna haja ya kupanda juu. Maharagwe marefu hujisokota: shina zima huuzunguka mti. Viazi vikuu, ambavyo wazee wetu huviita ikwa, hufanya vivyo hivyo, na ndiyo sababu wazee walivipanda karibu na mti ulio hai ili vipate pa kupandia. Lakini karakara huparamia kwa mikono. Kwenye kwapa la jani hutoka uzi mwembamba wa kijani. Tuuite kikono. Kikono hicho hupapasa hewani, na kikigusa kitu chembamba kama waya au kamba, hujizungusha mara kadhaa na kushika.

Mwanasayansi Charles Darwin alichapisha utafiti wake kuhusu mimea inayoparamia mwaka 1865. Aligundua kwamba kikono cha aina moja ya jamii hii ya karakara huanza kujikunja kabla dakika moja haijapita tangu kiguswe! Karakara yetu ina pole zaidi, lakini ukikisugua kikono kichanga kwa kijiti asubuhi, utaona mabadiliko kabla ya kengele ya chakula cha mchana. Tena kikishashika, sehemu iliyobaki hujikunja kama springi na kuuvuta mmea karibu na waya. Tazama kwa makini: nusu ya springi imejikunja upande mmoja na nusu nyingine upande wa pili. Ncha zote mbili zimefungwa, kwa hivyo kikono hakiwezi kujisokota upande mmoja tu bila kujikaza mpaka kikatike. Upepo ukija, springi hunyooka kidogo na kurudi, na mmea haukatiki.

Jambo la kujifunza ni hili: kikono hakiwezi kukumbatia nguzo nene wala ukuta. Kipe waya, kamba ya katani au kijiti chembamba. Ukiuegemeza mkarakara kwenye ukuta mtupu, utaanguka na kutambaa chini, na hiyo si kazi yake.

4. KUCHAGUA CHOMBO

Mizizi ya karakara haiendi chini sana, lakini hupenda kutanda. Debe la lita 20 latosha kuanzia tu. Mmea ukikomaa humo utakauka kila saa nane mchana. Chombo kizuri ni pipa la lita 200 lililokatwa katikati, ambalo hutoa vyombo viwili vya lita 100 kila kimoja. Asiye na pipa atumie gunia imara la kilo 90, akikunja mdomo wake nje ili lisimame. Chombo kisipungue lita 60.

Hakikisha pipa lilikuwa la mafuta ya kupikia au la kitu kingine kinacholiwa. Pipa lililobeba dawa za kunyunyizia mimea au kemikali za kiwandani halifai hata likioshwa mara saba.

Toboa matundu manane au kumi chini, kila moja likiweza kupitisha kidole cha shahada. Ongeza mengine machache ubavuni, inchi moja kutoka chini. Liweke pipa juu ya matofali matatu ili maji yapate pa kutokea. Fanya haya mahali utakapoliacha kabisa, kwa sababu lita 100 za udongo uliolowa huwa na uzito wa zaidi ya kilo 100, yaani kama mifuko miwili ya simiti na zaidi. Ukilijaza kwanza na kulihamisha baadaye, utatafuta msaada wa ploti nzima.

Sasa nataka kupinga jambo linalosemwa na wengi. Huambiwa tuweke kokoto chini ya chombo ili maji yatoke vizuri. Jaribu hili nyumbani. Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, uiloweshe mpaka ishibe maji. Ishike ikiwa imelala bapa juu ya karai, ungoje iache kudondosha. Kisha isimamishe wima, bila kuifinya. Utaona maji yanaanza kudondoka upya! Maji hayo yalikuwa yameshikwa ndani ya sifongo, na kimo kilipoongezeka ndipo yakatoka. Udongo nao ni vivyo hivyo. Daima sehemu ya chini ya chombo hubaki na tabaka lililojaa maji. Kokoto hazilitoi tabaka hilo. Hulipandisha juu tu, karibu zaidi na mizizi. Kwa hivyo achana na kokoto. Funika kila tundu kwa kipande cha wavu au kigae ili udongo usimwagike, kisha ujaze udongo mpaka chini. Na kati ya chombo kifupi na kirefu, chagua kirefu.

5. UDONGO

Udongo wetu mwekundu ni mzuri shambani, lakini ukiwa peke yake ndani ya pipa hushikamana ukawa kama tofali. Changanya hivi:

(a) Karai mbili za udongo wa juu, kutoka mahali ambapo karakara haijawahi kupandwa.
(b) Karai moja ya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huchoma mizizi. Iliyoiva haina joto wala harufu kali.
(c) Karai moja ya mchanga wa mtoni.

Rudia vipimo hivyo hivyo mpaka chombo kijae, ukiacha nafasi ya vidole vinne juu kwa ajili ya maji.

Kama huna hakika na usafi wa udongo, tumia jua. Mwaga mchanganyiko wako mahali penye jua, uulainishe kwa maji, utandaze usizidi kimo cha shubiri moja, kisha uufunike kwa karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga na kukandamiza kingo zake kwa mawe. Uache kwa wiki nne hadi sita wakati wa kiangazi. Joto linalofungiwa humo huua sehemu kubwa ya kuvu na mbegu za magugu. Januari na Februari ni miezi mizuri ya kazi hii. Kwa atakayepanda Oktoba, Septemba nayo yafaa. Nyanya yangu alipoelezwa alisema, "Kumbe jua ndilo dawa, na hatulinunui!"

6. MCHE

Ukipanda mbegu ya karakara ya zambarau, utapata mmea mtamu wenye mizizi dhaifu mbele ya mnyauko. Mizizi ya aina ya manjano ndiyo hodari. Wakulima wakafanya busara ya kuziunganisha: chini mguu wa manjano, juu kichwa cha zambarau. Shina la manjano likifikia unene wa penseli hukatwa na kupasuliwa kidogo, kisha kijiti cha zambarau kilichochongwa kama kabari huingizwa na kufungwa kwa utepe. Baada ya wiki chache huwa mmea mmoja. Mche kama huo ununue katika kitalu kinachokaguliwa. Ukipanda, mahali pa kiungo pabaki juu ya udongo kabisa. Ukipafukia, kichwa cha zambarau kitatoa mizizi yake na kazi yote ya mguu itakuwa bure.

Anayetaka kujifunza kwa mbegu pia anaweza, mradi udongo wake ni safi. Toa mbegu katika tunda lililoiva vizuri, uziache majini siku mbili tatu mpaka ute ulegee, uzioshe na kuzikausha kivulini. Zipande kina cha sentimita moja. Mbegu mpya huota kwa wiki mbili hadi nne. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini Agosti 2017, wengi wetu tunatumia pakiti tupu za maziwa zilizotobolewa chini, nazo zafaa sana.

Je, upande wa zambarau au wa manjano? Kwa mwenye pipa moja jibu ni rahisi. Ua la zambarau hujichavusha lenyewe. La manjano halikubali chavua ya mmea wake, kwa hivyo lazima uwe na mimea miwili iliyotoka katika mbegu tofauti. Pipa moja, zambarau. Mapipa mawili, chagua upendavyo.

7. KUPANDA NA KUONGOZA

Panda mvua inapoanza, Machi au Oktoba. Mmea mmoja katika pipa moja. Usiongeze wa pili kwa uchu, kwani mafahali wawili hawakai zizi moja.

Simamisha nguzo mbili, moja kila upande, zibaki mita 2 juu ya ardhi, na uvute waya wa geji 14 kati yake. Mwenye ua wa waya atumie ua huo. Sisi tunaopanga tuna sheria ya mwenye ploti: hakuna kupiga misumari ukutani. Basi nguzo zaweza kusimamishwa ndani ya madebe yaliyojazwa mawe na simiti. Jambo moja nasisitiza: usiuelekeze mmea kwenye waya wa stima, wala kamba ya nguo za majirani. La kwanza ni hatari kwa maisha, la pili ni hatari kwa ujirani.

Funga kamba ya katani kutoka kwenye kijiti karibu na shina hadi kwenye waya. Acha shina moja tu lipande, ukiondoa machipukizi ya pembeni. Likifika kwenye waya, kata ncha yake. Litatoa matawi mawili: moja lielekeze kulia, jingine kushoto. Kutoka kwa mikono hiyo miwili yataning'inia matawi madogo kama pazia, na hayo ndiyo yanayozaa. Kumbuka kwamba karakara huzaa kwenye matawi mapya. Kwa hivyo baada ya mavuno, yapunguze yaliyokwisha kuzaa ili mapya yaje. Asiyekata kwa kuuonea mmea huruma atapata kichaka cha majani.

8. MAJI NA CHAKULA

Shambani mzizi ukikosa maji huyatafuta mbali. Ndani ya pipa hauna pa kwenda, unakutegemea wewe. Ingiza kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Kikitoka na udongo uliolowa, acha. Kiangazini itakuwa karibu kila siku, asubuhi kabla ya kuja shule. Maji yaliyosuuza mboga yanafaa. Ya sabuni hayafai.

Tandaza matandazo, kama majani makavu au maganda ya maharagwe, lakini yasiguse shina. Acha nafasi ya kiganja.

Kila ukimwagilia, baadhi ya chakula hutoka na maji kupitia matundu. Kwa hivyo ongeza konzi mbili za mboji kila mwezi. Au loweka samadi ndani ya kifuko cha gunia kwenye ndoo kwa wiki mbili, kisha uizimue mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Usizidishe. Mmea ulioshiba samadi kupita kiasi hutoa majani ya kupendeza na kusahau kuzaa.

9. MAUA, NYUKI NA MATUNDA

Ua la zambarau hufunguka alfajiri na kufungwa karibu saa sita mchana. La manjano hufunguka karibu saa sita mchana na kufungwa usiku. Kila ua hukaa siku moja tu. Wageni wake wakubwa ni wale nyuki weusi wanene wanaotoboa mbao za paa. Nawaomba tusiwaue. Mgongo wao mpana hugusa chavua wakiingia kunywa asali, jambo ambalo nyuki mdogo hulifanya kwa shida. Mwenye mimea miwili ya manjano asiyeona nyuki hao achukue pamba, apake chavua ya ua la mmea mmoja kwenye vichwa vitatu vya ua la mmea wa pili, saa saba au saa nane mchana. Mvua ikinyesha juu ya ua lililofunguka, chavua hupasuka na kazi huharibika. Basi ngoja ua la kesho.

Tangu ua hadi tunda kuiva ni siku 60 hadi 80. Kwa kawaida mavuno ya kwanza huja miezi 9 hadi 12 baada ya kupanda mche. Tunda likiiva hubadilika rangi na kuanguka lenyewe. Okota kila siku. Bichi lisiliwe, kwani lina kemikali zenye sumu. Na lililokunjamana kidogo usilitupe, kwa maana ndilo tamu zaidi.

10. MARADHI

Mbali na mnyauko, jihadhari na ugonjwa wa virusi unaofanya matunda kuwa madogo, magumu kama mbao na yenye umbo baya. Hauna dawa. Huenezwa na vidukari na kwa visu vichafu. Osha kisu kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe kila unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine, na mmea ulioshikwa ung'oe. Madoa ya kahawia kwenye majani na matunda huletwa na kuvu wanaopenda unyevu. Punguza matawi ili hewa ipite, na mwagilia udongo, si majani.

Hata mmea uliotunzwa vizuri haudumu milele. Ukifikisha miaka mitatu hivi, mazao hupungua. Ung'oe, umwage udongo kwenye maua, na uanze na udongo mpya. Tena tusidanganyane: mmea wa pipa hauwezi kuzaa kama wa shambani wenye mizizi huru. Pipa moja halilipi karo. Lakini linatosha kuweka juisi mezani, na mapipa matano nyuma ya nyumba ya nyanya, katika udongo usio na mnyauko, ni mwanzo. Tayari mawili yamesimama pale, na miche yake imefika kwenye waya.

11. MASWALI YA ZOEZI

(a) Eleza tofauti kati ya kutambaa, kujisokota na kuparamia kwa kutumia mimea mitatu ya kwenu.
(b) Kwa nini kokoto chini ya pipa hazisaidii? Thibitisha kwa sifongo.
(c) Juma ana pipa moja na mche mmoja wa manjano. Maua ni mengi lakini hapati tunda. Mshauri.
(d) Tunga sentensi ukitumia "mkarakara" na "makarakara" kwa umoja na wingi sahihi.

12. HOJA KWA CHAMA

Natamatisha kwa hoja. Chama chetu kina mapipa mawili ya mafuta ya kupikia yaliyotupwa nyuma ya jikoni, na ua wa waya upo tayari kando ya maktaba. Mapipa mawili yakikatwa ni vyombo vinne. Tuandae udongo Septemba na kupanda Oktoba. Novemba na Desemba tukiwa likizoni, mvua ya vuli itatunyweshea. Januari na Februari ni zamu zetu, na kwa kuwa shule ni ya kutwa, hata Jumamosi hatutakosa mtu wa karibu wa kupita na ndoo. Sisi wa kidato cha tatu tutakuwa kidato cha nne matunda ya kwanza yakianguka, kati ya Julai na Oktoba, kabla ya mtihani wa KCSE. Tutakula machache. Mengi yatakuwa ya wale wanaotufuata, na ningependa watakapoyala wajue namna ya kupanda mengine.

Yule mwenzetu aliyeuliza asiye na shamba anasomea kilimo ya nini, nimemwomba awe mwenyekiti wa zamu ya maji. Amekubali. Wanaotaka kujiunga waandike majina yao kwa katibu kabla ya mkutano ujao.